Zamu ya Fundi Cherehani

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa akijifunza kuanzisha makanisa vijijini, lakini kila aliposimama kuhubiri mbele ya wanafunzi wenzake, maneno yalimkaukia mdomoni. Siku ya zamu yake, askari wawili waliingia darasani ghafla. Tangu uchaguzi uvurugike, kila mkutano ulitiliwa shaka.

"Mnapanga nini humu?" akafoka mkubwa wao.

Mchungaji aliyewafundisha akababaika. Fundi akamuwahi.

"Tunajifunza kuhubiri, afande. Keti usikie mwenyewe."

Wakaketi. Akahubiri juu ya msamaha bila kukwama, akawachekesha hadi mmoja akavua kofia ajifute machozi.

"Mama, kanisa lako liko wapi?" akauliza mkubwa.

"Bado sijapata mahali."

"Basi njoo kambini kwetu. Wake zetu wanalitamani."

Darasa likalipuka kwa vigelegele. Fundi akaketi, akaomba maji, akanywa kikombe kizima kwa pumzi moja.