Kinyumenyume Mlimani

Kwanza niwe mkweli: baba mdogo anajua kuendesha gari. Kwenda mbele anakwenda vizuri sana. Shida yetu siku ile haikuwa mbele.

Yeye ana duka la magodoro na ana fowili, lile gari refu la kupandia milima, ingawa mlima wenyewe lilikuwa halijawahi kuuona. Kazi yake kubwa ilikuwa kupanda ukingo wa barabara mbele ya duka na kupaki. Sasa bibi alipoamua kuhamia kwa shangazi, ng'ambo ya milima, akasema haendi popote bila gari la marehemu babu. Gari hilo injini ilishakata roho zamani, ila mwili wake mzima kama yai. Babu alikuwa fundi cherehani, kwa hiyo viti vyote alivishonea suti. Suti kweli, na mifuko. Kiti cha dereva kina mfuko wa kifuani, sijui kiti kinaweka nini humo.

Baba mdogo akaenda kuazima tela la kubebea magari. Mwenye tela akamuuliza, "Na kulirudisha rivasi unaweza?"

"Ndugu yangu, sisi tunahama. Turudi nyuma kufuata nini?"

Mwenye tela akacheka peke yake. Ningemuuliza anacheka nini, lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye gari.

Maana bibi alikuwa ameshatangaza mezani, watu wote wakisikia: "Mume wangu," bibi hajawahi kuniita mjukuu hata siku moja, "gari likifika bila mkwaruzo ni lako. Utakaa kule na mimi, utalitengeneza, utanizungusha. Likikwaruzwa, nampa mkwe wangu."

Mkwe ni mume wa shangazi. Anafuga kuku, na gari lile amelimezea mate siku nyingi: ang'oe milango, kuku watagie juu ya suti. Na mimi ningegeuza na baba mdogo, nirudi dukani. Tangu nimalize shule nauza magodoro. Sijui kama kuna adhabu kama ile, kushinda katikati ya magodoro huku umekatazwa kulala. Kwa hiyo lile gari nilikuwa tayari hata kulibeba mgongoni. Nililifunga kwenye tela kwa mikanda, juu ya mikanda nikaongeza kamba, na taa za mbele nikazivisha shuka la bibi.

Tukaondoka. Mwanzo wa mlima baba mdogo akajigamba, "Tela gani hili? Hata silisikii."

Kona mbili tatu mbele akaanza kulisikia. Injini ikawa inalia kama mtu anayebebeshwa kabati peke yake, na mshale wa joto ukapanda kuliko sisi. Akazima kiyoyozi. Haukushuka. Akawasha hita, eti joto la injini litokee ndani kwetu.

"Wewe mtoto," bibi akasema kule nyuma, "umenitoa nyumbani kwangu uje unichemshe?"

"Mama, vumilia. Ni kitaalamu."

"Hata viazi huwa vinaambiwa hivyo."

Tulikuwa tunatiririka jasho, vichwa nje ya madirisha, tulipofika pale pembamba. Mvua ilikuwa imeila barabara upande wa kulia, ukabaki upana wa gari moja tu: kushoto mwamba, kulia korongo. Tulipofika katikati, likatokeza lori la saruji linateremka. Dereva wake alikuwa na masharubu ya kuweza kufagia ofisi.

"Bosi!" Masharubu akaita. "Rudi kidogo hapo nyuma yako, pana nafasi ya kupishana!"

"Rudi wewe!"

"Nyuma yangu kuna basi. Kwenye basi kuna watu wenye njaa. Nyuma yako wewe kuna nani?"

Nyuma yetu hakukuwa na mtu. Kulikuwa na tela.

Baba mdogo akatia rivasi, akakata usukani kushoto. Tela likaenda kulia, kule kwenye korongo. Akashtuka, akakata kulia. Tela likaja kushoto, likajikunja kama jongoo aliyeguswa. Bodi ya gari la babu ikabakiza upana wa kidole tu ibusu mwamba. Nikapiga ukelele ambao sikujua ninao.

Akasogea mbele kulinyoosha, hilo aliliweza, akajaribu tena. Jongoo tena. Watu wa basi wakaanza kushuka. Utingo wa lori akawa anatoa maelekezo, "Kulia! Siyo hiyo kulia, ile nyingine!" Bibi akatoa kichwa dirishani.

"Mwanangu, hilo tela limekukataa. Kwani asubuhi ulilisalimia?"

Masharubu akashuka, akaja taratibu akijifuta mikono. "Bosi, nipe funguo nikurudishie."

"Gari langu haendeshi mtu."

"Tumeona," Masharubu akasema. "Hata wewe."

Basi zima likacheka. Baba mdogo akafunga kioo, na humo ndani hita bado inawaka. Nikajua atajaribu tena kwa hasira, na mara hii mwamba utakula. Nikashuka, nikamgongea kioo.

"Baba mdogo, tulishushe gari. Mteremko uko nyuma yetu, litashuka lenyewe kinyumenyume mpaka pale pa kupishana. Tela tulifungue, tulisukume kwa mikono. Halafu fowili peke yake unajua kulirudisha."

Akateremsha kioo. Kisha, bila kunitazama, "Hilo nilikuwa nalifikiria."

Tukafungua mikanda na kamba, tukateremsha zile reli za chuma za kushushia gari, nyuma ya tela. Akauliza nani atashika usukani. Wote wakanitazama mimi. Leseni nilikuwa nayo, mpya kabisa. Sema ilikuwa haijafanya kazi. Nikaingia, nikakaa juu ya suti. Kabla sijafunga mlango, ule wa pili ukafunguka. Bibi huyo na mkoba wake.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Gari la mume wangu wa kwanza linaendeshwa na mume wangu wa pili, mimi nibaki barabarani kama nani? Teremsha gari."

Watu wakalisukuma, gari likashuka kwenye tela, likaanza kurudi nyuma polepole. Nikakanyaga breki, ikashika. Nikaachia kidogo, nikakanyaga, ikashika. Nikaanza kujiona. Nadhani nilitabasamu. Nikakanyaga mara ya tatu, na breki ikazama mpaka chini, laini, kama inakwenda kulala. Nikavuta handibreki. Ikapanda juu kwa furaha bila kushika kitu chochote.

"Mbona tunakimbia?" bibi akauliza.

"Tunawahi, bibi."

Nikageuza shingo kutazama nyuma. Upande wa korongo kulikuwa safi kabisa, hakuna cha kukwaruza. Ndiyo ubaya wake. Upande wa mwamba kulikuwa na kuku, magodoro na baba mdogo. Labda ningenyoosha usukani tu nikaomba breki zizinduke. Nilifikiria hilo, sikatai. Lakini pembeni yangu bibi alikuwa ameshika mkoba mapajani, ametulia tuli, kama mtu anayepelekwa mahali na anayemwamini.

Nikakata usukani kwenye mwamba.

Sauti ile siwezi kuiandika. Krrrr ni ndogo. Ilianzia taa ya nyuma, ikapita mlango wa nyuma, ikaja mlango wa bibi, na meno yangu yote yakawa yanaisoma. Tukaburuzika hivyo mpaka ndani ya ile nafasi ya kupishana, gari likasimama.

Vumbi likatua.

"Babu yako alikuwa analiendesha polepole mno," bibi akasema. "Kumbe lina mbio hivi?"

Akatokea mlango wangu, maana wa kwake ulikuwa ukutani. Watu wakalisukuma tela likaja, fowili likarudi peke yake, lori likapita, basi nalo likapita, na Masharubu akatupigia honi ndefu yenye maneno ndani yake. Tukabaki sisi watatu. Tukalisogeza gari kidogo kutoka kwenye mwamba, mkwaruzo wote ukaonekana. Nisingeweza kuufunika hata kwa mashuka ya bibi yote.

Baba mdogo akatikisa kichwa. Nilijua anasikitika, lakini pia alikuwa mtu wa kwanza kufurahi tangu asubuhi. "Pole, kijana. Jumatatu tunapokea magodoro mapya."

Bibi akapitisha kidole kwenye mkwaruzo mwanzo mpaka mwisho, kama anapima kitambaa.

"Wewe," akamwambia baba mdogo, "ukikwaruza gari la mtu, unaulizwa. Si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na mtu akikwaruza gari lake mwenyewe, anaulizwa na nani?"

"Lake tangu lini?"

"Tangu alipokata usukani. Angekuwa analionea uchungu kama la kuazima, saa hizi mngekuwa mnanitafuta huko chini na rangi haina doa." Akanigeukia. "Mkwe atajenga banda. Mbao zimejaa duniani."

Baba mdogo alibakiwa na neno moja.

"Haya, tajiri," akasema, akaenda kukaa kivulini kwenye fowili. "Gari lako hilo. Lipandishe kwenye tela."

Nikafunga waya wa tela kwenye gari, nikaanza kuzungusha mkono wa winchi, ile mashine ya kuvutia. Gari likagoma, likasogea, likagoma tena. Nikainua macho: bibi alikuwa amesharudi ndani, amekaa kiti cha nyuma juu ya suti, anajipepea.

"Mke wangu, shuka basi, uzito upungue."

"Dereva gani wewe unashusha abiria njiani?"

Nikaendelea kuzungusha.