Tingatinga la Tauno Makaburini

Tauno alianza kutengeneza tingatinga lake la rimoti siku theluji ya kwanza ilipoanguka, na siku hiyohiyo shemeji yake Rauha alianza kumcheka.

"Shemeji, mtoto hajambo? Ameshaota meno?" aliuliza kila alipokuja kuazima kitu asichokihitaji.

"Ana minyororo," Tauno alijibu bila kuinua macho. "Meno wanayo wakubwa wa usharika, wanaotafuna kodi yetu ya kanisa."

Ugomvi wake ulikuwa hapo. Wakubwa hao walikaa kwenye ukumbi wao wenye joto, wakanywa kahawa na mikate yao mitamu, wakaamua kwamba sehemu ya zamani ya makaburi haitazolewa theluji tena. Pesa hazitoshi, walisema. Ukumbi wenyewe ulikuwa umetoka kupakwa rangi. Helvi, mkewe Tauno, alizikwa sehemu hiyo ya zamani, mwisho kabisa, karibu na ukuta. Na goti la Tauno, ambalo madaktari waliliwekea foleni isiyosogea, halikuweza tena kukanyaga theluji ya kiunoni.

Kule kwao, mkesha wa Krismasi kila kaburi lenye mtu wake huwashiwa mshumaa. Kaburi lililobaki giza siku hiyo kijiji kizima huliona, na kijiji kizima hujiuliza, kwani huyu hakuacha mtu? Tangu Helvi afariki, Tauno hakuwahi kumwacha gizani. Safari hii pia aliapa mshumaa utafika, na utafika kwa mkono wake mwenyewe, hata kama mkono huo umeshika rimoti.

"Si unipe mimi nimpelekee dada yangu?" Rauha alisema. "Nina mbao zangu za kutelezea juu ya theluji. Kufumba na kufumbua nimerudi."

"Wewe peleka wako. Huu ni wangu."

"Haya, bwana injinia."

Injinia mwenyewe shule aliiacha mapema akaingia msituni kukata magogo. Mota aliing'oa kwenye drili mbovu. Minyororo aliikata kwenye mkanda wa pikipiki ya theluji. Bodi ilikuwa trei ya Helvi ya kuokea paja la nguruwe la Krismasi.

"Angeona ulivyoitoboa trei yake," Rauha alisema, "angefufuka akuzabe kofi, halafu arudi zake kulala."

"Aje tu. Nimemkumbuka hata kwa makofi."

Kila Jumapili alilijaribu juu ya ziwa lililoganda, pamoja na wenzake wenye vigari vyao vya rimoti. Lilipanda matuta, likashuka, halikupinduka hata mara moja. Wenzake walimfundisha sheria ya mchezo ule: gari lilale nje kwenye baridi, betri ilale kifuani kwenye joto. Tauno aliishika sheria hiyo mpaka siku ya mkesha, ndipo huruma ikamponza.

Mchana ule baridi ilikuwa ya kukata masikio. Alipoingia sauna, kile chumba cha kuogea kwa mvuke wa moto, kama kila mtu anavyooga kabla ya kwenda makaburini, alilitazama tingatinga pale kibarazani, limepigwa na umande wa barafu, akalionea imani. Akaliingiza sauna, akaliweka benchi la chini ili grisi yake ilainike. Rauha alipokuja kumchukua alilikuta linafuka mvuke.

"Yesu wangu! Umemwogesha?"

"Nyamaza, shika kamba."

Wakalipakia kwenye kimtumbwi cha plastiki cha kuburutia kuni juu ya theluji, wakalivuta hadi langoni. Giza lilikuwa limeshaingia ingawa ilikuwa alasiri bado, kama ilivyo kwao majira ya baridi. Upande mpya, uliozolewa theluji, mishumaa ilishawaka kila mahali. Tauno akafunga taa yake ya kioo juu ya trei, akawasha mshumaa, akabonyeza rimoti.

Likaondoka kama bibi harusi. Watu wa upande mpya wakageuka kutazama, Tauno akavimba kichwa. Lakini theluji iliyogusa bati lenye joto iliyeyuka, maji yakaingia kwenye minyororo, na maji kwenye baridi ile hayana subira. Tingatinga likalegea, likalia kama paka aliyekanyagwa mkia, likaganda.

Rauha akanyoosha shingo asome jiwe la kaburi ambalo tingatinga limesimama mbele yake, likimulikwa na mshumaa. "Shemeji," alisema, akijikaza asicheke. "Unamwashia Oiva."

Oiva ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa usharika, ndiye aliyetia saini uamuzi wa kuacha theluji. Vuli ilipofika akafa, wakamzika humohumo kwenye sehemu aliyoitelekeza.

"Umefanya vizuri, Tauno!" mzee mmoja alipaza sauti kutoka upande mpya. "Krismasi ni ya kusameheana!"

"Sijamsamehe mtu! Ni barafu!"

Akabonyeza mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Akatupa mguu mmoja kwenye theluji, akazama hadi nyongani. Rauha akamvuta kwa kola.

"Kaa kwenye mtumbwi," alisema.

"Mimi si kuni."

"Kuni hazinung'uniki hivi. Kaa."

Tauno akatazama kule ukutani, kwenye giza la Helvi. Akakaa. Rauha akajifunga kamba kiunoni, akavaa mbao zake alizokuja nazo, akaanza kuvuta huku akihema na kucheka kwa pamoja. Walipofika kwa Oiva, Tauno akainama akafungua taa yake.

"Humwachii hata kijiti cha kiberiti?"

"Aombe kwa baraza lake."

Wakaendelea. "Kushoto, Rauha! Nimesema kushoto!"

"Ukibonyeza hicho kidude tena nakumwaga."

Tauno akatazama mkono wake. Kumbe bado ameshika rimoti, na kidole kinasukuma kushoto kwa nguvu zake zote. Akaitia mfukoni.

Upepo ulikuwa umezima mshumaa njiani. Mbele ya jiwe la Helvi alifukua theluji kwa mikono, akakinga kiberiti kwa kofia, akawasha upya, akaituliza taa mpaka moto uliposimama. Rauha aliweka wake kando, kisha akageuka, akajifanya anarekebisha kamba za viatu.

"Nimechelewa kidogo, Helvi," Tauno alinong'ona. "Aliyekuwa anaendesha ni dada yako."

"Nimesikia!" alisema Rauha.