Daktari wa Bibi Deolinda

Nyumba yetu ya mbao pale Fall River, mji wa Marekani usio mbali na Boston, ina familia tatu, kila moja na sakafu yake. Mimi nakaa chini. Juu yangu wanakaa Bibi Deolinda Raposo, binti yake Lucília, na Leonor, mtoto wa Lucília. Dari ni nyembamba, kwa hiyo mambo yao mengi nimeyasikia bila kuyatafuta. Mengine Leonor mwenyewe alinisimulia jikoni kwangu.

Leonor alikuwa anaongoza darasa tangu shule ya msingi. Alipochukuliwa na chuo kikuu kimoja cha Boston, kile ambacho hata watoto wa matajiri hukililia, Bibi alipiga simu hadi kwa ndugu zake visiwani Azori, huko Ureno. "Anakwenda kuwa daktari!" alipaza sauti, kana kwamba simu isingefika bila kelele.

"Bibi, taratibu," Leonor akamwambia. "Kwanza nasoma digrii ya kawaida. Nikimaliza ndipo naomba chuo cha udaktari. Wanaweza kunikataa."

"Wakukatae wewe? Wana macho hao?"

Tatizo ni kwamba chuo kile kilijaa watu ambao hawajawahi kukataliwa. Katika ukumbi wa kemia nusu yao walitaka udaktari, na alama zilitolewa kwa kuwapanga: wachache wa juu wanapata A, wengine wanashuka, hata kama somo wamelielewa. Mtihani wa kwanza ulimweka Leonor katikati. Wa pili ukamshusha zaidi. "Kule mtu akikohoa siku ya mtihani hawamwambii pole," aliniambia. "Wanafurahi kimoyomoyo. Na mimi nilianza kufurahi."

Aliyekaa naye chumba kimoja, Ainsley, alikuwa mtoto wa madaktari wawili. Hakuwa na roho mbaya. Alimsaidia Leonor kusoma, akamfundisha namna ya kujibu maswali ya usaili, akamwazima koti la usaili wenyewe. Lakini kwake mambo yalikuja tu, na kuishi karibu na mtu wa namna hiyo kunachosha.

Mwaka wa mwisho Leonor alikwenda kwa mshauri wa wanafunzi wanaotaka udaktari, bwana mpole aitwaye Halvorsen.

"Mwaka huu sikushauri uombe," akamwambia.

"Kwa nini?"

"Karibu wote wanaoomba kutoka hapa hupata nafasi. Tungependa iendelee hivyo."

"Yaani mimi nitawaharibia sifa?"

"Sijasema hivyo, binti."

"Ila ndivyo ulivyomaanisha."

Aliomba hivyo hivyo. Vyuo vikamkataa kimoja baada ya kingine, kwa maneno matamu. Kimoja tu hakikumkataa wala kumchukua. Kilimweka kwenye orodha ya kusubiri, ya wale wanaoitwa mtu akiacha nafasi. Na Ainsley alikuwa amepata nafasi pale pale, pamoja na nyingine New York.

Kwa wiki kadhaa wasichana wale walilala chumba kimoja, mmoja akiwa ameshika viti viwili na mwenzake amesimama mlangoni. Leonor aliona haya kumwuliza. Mwishowe, mwezi wa nne, Ainsley akasema mwenyewe, "Leonor, nimechagua New York. Ile nyingine nimeiachia asubuhi hii. Kaa karibu na simu."

Simu ililia kabla ya jua kuzama, lakini aliyepiga ni Lucília. Bibi amepelekwa hospitali, mapafu yamejaa maji, moyo umechoka. Njoo.

Nilikuwa pale wodini Leonor alipoingia. Padri alikuwa ameshampaka Bibi mafuta ya wagonjwa. Daktari alikuwa ametuambia tuagane naye wakati bado anasikia. Bibi alifungua macho, akamtafuta mjukuu wake, akauliza kwa pumzi iliyokatika, "Wamekuchukua?"

Leonor alimshika mkono. Nadhani aliisikia sauti ya Ainsley kichwani. Nafasi ilikuwa imeachwa, ilikuwa inaelea mahali fulani, na kwa nini isiwe yake?

"Wamenichukua, Bibi."

Bibi Deolinda akatabasamu, uso ukalegea, akafumba macho. Lucília akapiga magoti. Sote tukajua basi, amekwenda.

Hakwenda. Asubuhi aliomba kahawa. Siku iliyofuata alimgombeza muuguzi kwa kumletea supu isiyo na chumvi. Wiki mbili baadaye alipanda ngazi zetu kwa miguu yake, akipumzika kila baada ya hatua chache, akimwambia kila aliyemshika mkono kwamba habari ya mjukuu wake ndiyo iliyomrudisha duniani.

Leonor alikuwa amemweleza mama yake ukweli siku ile ile ya kahawa. Nilimsikia Lucília akisema, "Nyamaza kwanza. Umesikia walivyosema kuhusu moyo wake? Subiri wakuite. Wakikuita, hakuna aliyedanganya."

Lakini hawakumwita. Nafasi ya Ainsley ilimwangukia mtu mwingine, na Bibi naye hakuwa mtu wa kungoja. Alikuwa ameweka nadhiri kwa Roho Mtakatifu: mjukuu akipata, atawalisha watu. Basi Pentekoste ilipofika, alitoa akiba yake yote, akanunua nyama kwa Amaro mwenye bucha, na wanawake wa parokia wakapika supu kwenye masufuria makubwa, kabichi na mnanaa juu ya mikate. Watu walikula mpaka barabarani. Bibi alisimama, akafunga shali yake vizuri, akasema kwa Kireno na kwa Kiingereza chake alichojifunzia kiwanda cha nguo kwamba damu ya Raposo imepata daktari.

Makofi yakapigwa. Kisha watu wakaanza kumzonga Leonor.

"Daktari, hebu nitazamie goti hili."

"Daktari, dawa hii ninywe kabla ya kula au baada?"

"Bado sijui chochote," Leonor alijibu, uso mweupe kama unga.

"Sikia anavyojishusha! Ndiyo madaktari wazuri hao."

Hata mimi niliyeujua ukweli, ili watu wasishuku, nilimwonyesha mguu wangu uliovimba. Aliutazama, akaniambia niende kliniki, halafu akaondoka upesi kuelekea uani.

Mwezi wa nane orodha ya kusubiri ikafungwa. Bibi alikuwa ameanza kuuliza siku ya kufungua chuo, kwa sababu alitaka kumsindikiza. Jumapili moja baada ya misa, Lucília akiwa anaanika nguo nje, Leonor alikaa mbele ya bibi yake, akamwambia yote.

Kule chini nilikumbuka moyo wa Bibi, nikaogopa. Nikasimama na ufunguo mkononi, tayari kupanda. Ndipo nikasikia sauti ya Bibi, ya chini sana.

"Kwa hiyo uliona nakufa."

"Bibi, nilitaka uende kwa amani."

"Uliona nakufa, ukasema huyu hatarudi kuniuliza."

"Sivyo!"

"Ndivyo. Ungejua nitapona, ungenidanganya?"

Leonor aliniambia baadaye kwamba hiyo ndiyo sentensi iliyomuumiza kuliko barua zote za kukataliwa, maana kila alipoigeuza aliikuta ni kweli.

Lucília aliingia mbio. "Mama, moyo wako!"

"Moyo wangu mzima. Na wewe ulijua?" Lucília akaanza kukunja nguo aliyoishika. "Ulijua. Haya. Wewe Leonor, vaa viatu. Watu walikula supu yangu kwa jambo ambalo halipo. Nenda ukawaambie."

"Wote?"

"Wewe ulikuwepo. Uliwaona."

Akaenda. Alizunguka mtaa mzima siku ile na jioni kadhaa zilizofuata, mlango kwa mlango. Amaro alimsikiliza huku anafuta kisu, akasema, "Lakini nyama ilikuwa tamu, au siyo?" Idalina wa nyumba ya kona, ambaye mwanawe aliacha shule, hakumficha kitu: "Kumbe hata wa Boston wanafeli! Mimi nilidhani ni wa kwangu peke yake." Mzee mmoja alimwambia sasa ndiyo ameelewa kwa nini goti lake halijapona.

Kwangu alifika mwisho kwa sababu alijua nilishasikia. Nilimtengea kahawa na kipande cha mkate mtamu. Hakula. Alisema, "Nimekuja kukwambia kwamba sikuchukuliwa," kama mtu aliyekariri, kisha akalaza kichwa mezani akalia. Nilisogeza kikombe kisimwagike.

Hakurudi Boston; digrii alikuwa ameshaimaliza. Alipata kazi katika nyumba ya wazee, akawa anawaogesha, anawageuza kitandani, anawalisha. Jioni alirudia kemia katika chuo kidogo cha mji wetu, ambako watu waliazimana madaftari, na akagundua kwamba somo lile analipenda. Bibi alikuwa anaongea naye mambo ya nyumbani tu: funga dirisha, chumvi imekwisha. Neno daktari halikutajwa tena pale juu. Lucília alijaribu kuwapatanisha kwa chakula, akashindwa.

Mwaka uliofuata aliomba tena, akakosa. Akaomba mara ya tatu, na chuo kimoja mbali, huko Ohio, kikamchukua. Safari hii hakumwambia mtu hadi alipolipia nafasi na kupata chumba. Alikwenda kwa Bibi akiwa na kila karatasi. Bibi alivaa miwani, akasoma zote polepole ingawa Kiingereza cha maandishi kilimshinda, akazirudisha.

"Huko kuna baridi," akasema. "Nunua buti."

Leonor aliondoka mwezi wa nane. Siku hiyo jioni nilimpelekea Bibi supu ya sukuma wiki, nikamkuta anamenya viazi peke yake. Nikamwuliza kama amefurahi.

Alimaliza kiazi alichoshika, akakitia majini.

"Nimefurahi. Lakini siku ile hospitali nilifurahi zaidi. Furaha ile niliitumia yote, na haikuwa ya kweli. Hii sasa imekuja, nami sijui niiweke wapi."

Akachukua kiazi kingine. Nikatafuta kisu, nikakaa, tukamenya pamoja.