Mishono Mitatu ya Bibi Sindano

Bibi Sindano alikuwa fundi wa vivuli, na kwa kazi ya mkono hakuna aliyemfikia. Koo saba zilimchagua mtemi mkuu kwa kipimo kimoja tu: saa kumi jioni wagombea husimama mlangoni mwa baraza, na mwenye kivuli kirefu ndiye hukalia kiti. Upuuzi mtupu, lakini watu wameuana kwa upuuzi mdogo kuliko huo.

Safari hii waligombea ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja. Mdogo, Mwembamba, alikuwa mkwe wa bibi. Binti wa bibi alishafariki, akaacha mtoto wa kike mmoja, na kila asubuhi bibi alikwenda kwa mkwewe kumsuka mjukuu nywele. Mkubwa, Kifua, ndiye aliyemuua mume wa bibi, na bibi alimchukia hata jina lake hakulitamka bila kutema mate.

Kwa hiyo Mwembamba alipokuja kulalamika kwamba kivuli chake ni kifupi, bibi alimpa siri ya kazi. Kivuli cha mtu baki kikiungwa kwenye chako hufumuka kwa jasho. Cha damu yako hushika. Aliyekatwa kivuli chote hufa jua likizama, asiporudishiwa. Jina la mtu hakutaja. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za mkwe huyu si haba.

"Nimekuelewa, mama," alisema Mwembamba.

Alirudi adhuhuri na kivuli kimeviringishwa ndani ya blanketi. Bibi akafunga madirisha, maana vivuli hushonwa gizani, kwa kupapasa. Kilikuwa chepesi. Vya waoga ndivyo vilivyo, akacheka peke yake. Mshono mmoja ungetosha. Yeye alipiga mitatu, mmoja juu ya mwingine, na kila upana wa kidole akakaza fundo, ili Kifua hata akipiga magoti kisirudi. Aliona raha ya dhambi, wala hakuionea haya.

Saa kumi Kifua alikuwa barazani, mzima, kivuli chake miguuni. Bibi hakuyaamini macho yake. Kisha Mwembamba akasimama mlangoni, kivuli kikajikunjua sakafuni, na nchani kilikuwa na kichwa kidogo cha pili chenye mikia miwili ya nywele. Bibi mwenyewe ndiye aliyeisuka asubuhi ile. Wazee walipima. Mwembamba alimshinda kaka yake kwa shubiri moja.

Walinzi walimzuia bibi hadi jua likakaribia kuzama; ndipo akamfuata Mwembamba kitini, akamuuliza kwa nini mtoto.

"Kaka ana walinzi mia, mama. Mtoto alikuwa amelala tu." Akanyoosha miguu. "Kiti nimeshapata. Fumua ukitaka."

Bibi alipiga magoti akaanza, huku akiilaani mikono yake. Fundo la kwanza liliachia, la pili likaachia. La tatu lilivunja sindano, akaendelea kwa meno. Yalibaki sitini na kitu, yote yamekazwa vizuri, na dirishani jua lilikuwa limebaki nusu. Mtemi mkuu akamwomba asimtekenye.