Talaka Iliyomezwa na Mashine

Wateja walimwita Pumba kwa sababu nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga mwaka mzima. Jana, mashine yake ya kusaga ikinguruma, aligombana na mkewe juu ya gunia lililomwagika. Hasira zikampanda, na neno la talaka likamfika mdomoni. Lilitoka, au alilimeza? Kwa ngurumo ile hata yeye hakujisikia. Na si kwamba alikuwa na akiba: alikwisha kumwacha mara mbili na kumrejea mara mbili, bwana huyu asiyejifunza. Ya tatu haina marejeo.

Kibaya zaidi, watu wa mashine hawasikilizani, husomana midomo, na mkewe alikuwa bingwa. Tangu jana hakusema kitu. Alipika chai, akafagia, akaenda kulala chumba cha watoto. Pumba aliogopa kumuuliza. Aliogopa hata kumtazama.

Akakimbilia kwa sheikh, akamweleza yote.

"Una hakika ulitamka?" sheikh aliuliza.

"Sina."

"Una hakika hukutamka?"

"Hiyo nayo sina. Naogopa, sheikh."

Sheikh, aliyependa kusomesha hata asiyeuliza, alivua miwani. "Mtume, rehema na amani zimshukie, aliulizwa juu ya mtu anayeshuku ndani ya swala kwamba udhu umemtoka. Akasema asiondoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Hadithi ni ya udhu, lakini wanazuoni wameegemeza juu yake kanuni pana: yakini haiondolewi na shaka. Inaingia kwenye udhu, kwenye mali, hata kwenye ndoa. Ndoa yako ni yakini, talaka ni shaka. Basi ndoa ipo."

Pumba aliinama ambusu mkono. Sheikh akauvuta.

"Ngoja kwanza. Hiyo ni shaka yako wewe. Kama mkeo aliliona likitoka, yeye ana yakini, na hapo mambo ni mengine. Kamuulize. Na usimtishe."

Furaha ikamyeyuka palepale. Njia nzima shetani alimnong'oneza: funika kombe mwanaharamu apite. Lakini angelalaje na mke asiyejua kama ni wake?

Alimkuta akichekecha unga, mashine imezimwa. Ukimya ule ulimtisha kuliko ngurumo.

"Mama watoto," alisema, "jana uliniona nikisema nini?"

"Sikuona."

"Wallahi?"

"Wallahi sikuona. Ulipofungua mdomo nilifumba macho."

"Alhamdulillahi!" Pumba aliruka, akacheka peke yake, akajipiga mapaja mpaka unga ukatimka. Ndoa ipo! Ndipo alipoona kwamba mwenzake hacheki, na ameacha kuchekecha.

"Sasa ulifumba kwa nini?"

"Nilijua linakuja neno au kofi," mkewe alisema. "Sikutaka kuona lipi linatangulia."

Pumba akanyoosha mkono amshike bega, ambembeleze.

Mkewe akafumba macho.