Asubuhi ya Bi Mwatum

Isha ilikuwa imeshaswaliwa, na Nasima alikuwa ukumbini akipiga pasi baibui lake la kazini, jua lilipochomoza chumbani mwa mama yake. Lilianza kama kawaida yake, mstari mwembamba chini ya mlango, kisha sakafu ikapata joto. Nasima alisukuma kanga kuukuu kwa mguu akaziba ule upenyo, akaendelea na mkono wa kushoto wa baibui.

Mama yake, Bi Mwatum, alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Ulianza na majina ya wajukuu, ukaja njia ya dukani, mwisho ukala mchana na usiku. Adhuhuri chumba chake kilikuwa giza totoro, chenene wakilia, naye amelala fofofo. Mtaa mzima wa Mpendae ukienda kulala, kwake kunakucha. Daktari alisema saa ya mwilini imeharibika: mzee atolewe nje asubuhi aote jua, na jioni akae na watu. Asubuhi Nasima alikuwa na kazi, jioni alikuwa hoi. Alinunua kufuli.

Sababu alikuwa nayo. Usiku mmoja mama alitoka na karai kichwani, akaokotwa karibu na bandari ya Malindi akiwatafuta wachukuzi awauzie vitumbua. Ndiyo iliyokuwa kazi yake: kuamka watu wamelala, kukaanga, kuuza kabla boti ya kwanza haijaondoka. Nasima kasomeshwa na vitumbua hivyo. Kila alipozungusha ufunguo, nafsi ilimsuta, naye aliuzungusha vilevile.

Majirani hawakuona tabu. Mize wa nyumba ya pili alianika sare za wanawe chini ya dirisha la Bi Mwatum, zikakauka kabla hajalala. Aliyedhurika ni jogoo wake tu, aliyewika mpaka sauti ikamkauka, wakamchinja. Umeme ukikatika, watoto walikwenda kusomea pale. Kila mtu alimshukuru Mungu kwa neema ile, na hakuna aliyeuliza mwenye jua kafungiwa na nani.

Kilichomkosesha Nasima raha ni kuamkia. Bi Mwatum alilea kwa sharti moja: mzazi huamkiwa kunapokucha, kabla ya chai, kabla ya neno lolote. Kwa hiyo kila alfajiri Nasima alifungua kufuli, akainama kando ya kitanda. "Shikamoo, mama." Jua la chumbani ndiyo kwanza linazama. Bi Mwatum alimtazama juu mpaka chini.

"Watu waenda kulala, we waja kuamkia? Nani kakulea?"

Na kwake kulipokucha, aliita mwenyewe kutoka ndani: "Kumekucha! Nyumba hii haina mwana wa kuniamkia?" Nasima alibana pumzi upande wa pili wa mlango, kimya kama mwizi.

Usiku huo pia aliita. Kabla Nasima hajaiweka pasi chini, Mize akaitikia kutoka nje, vibanio vya nguo mdomoni.

"Shikamoo, Bi Mwatum!"

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Nnashukuru."

"Mungu akuzidishie. Wewe ndo mwana."

Nasima alisikia harufu ya kuungua. Mkono wa baibui ulikuwa umetoboka. Alizima pasi, akaenda mlangoni, akaiondoa kanga. Mwanga ukamlalia miguuni. Wivu na aibu vilimjia pamoja.

"Shikamoo, mama."

Ndani, karai liliwekwa chini. Kisha: "Marahaba, Nasima."

Jina hilo alikuwa hajalisikia kinywani mwa mama yake tangu ugonjwa uingie. Aliegemeza paji la uso kwenye mbao, akalia.

"Mbona walia asubuhi yote hii? Nifungulie, mwanangu. Wachukuzi watafika na njaa."

Ufunguo ulikuwa msumarini, karibu na sikio lake. Kesho ilikuwa siku ya kazi.

"Nnakuja, mama," alisema, akaenda kulala.

Tangu hapo humwamkia kila usiku, kwa adabu zote, naye huitikiwa kwa jina lake. Husema anakuja. Kisha hulitikisa kufuli kuhakikisha limekaza, na kuirudisha kanga mahali pake. Ndani, Bi Mwatum husimama juani na karai lake, anamngoja mwanawe, maana mwana aliyelelewa vizuri akisema anakuja, huja.