Damu ya Ado

Jirani yangu Abiba anasema Dabasso, mwanaume wa manyatta yetu, alichukuliwa na askari kwa sababu ya damu yake. Anasema alienda hospitali na kikohozi tu, wakamdunga mkononi, daktari akainua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa kichwa. Ndani ya ile damu, anasema Abiba, ilionekana nyama aliyokula na shifta, wale waasi wenye bunduki, kule Biliqo, na hata ni mwezi gani aliila. Kabla Dabasso hajashusha mkono wa shati, lori la askari lilikuwa limeshafika mlangoni.

"Na wewe ulikuwa wapi wakati huo?" nilimuuliza. Tulikuwa kwenye foleni ya maji, madebe yetu mbele ya miguu.

"Kwani lazima niwe hapo? Aliyekuwa hapo ndiye aliniambia."

"Nani?"

"Bisharo, wewe unauliza kama polisi. Sogeza debe, watu wanangoja."

Mimi Dabasso nilimwona kwa macho yangu. Alishikwa kisimani, nje ya seng'enge, hana kibali, na hakukuwa na mtu aliyemdunga chochote. Lakini maneno ya Abiba yalikuwa yameshazunguka manyatta zote, na yalipofika kwa mume wangu yalikaa.

Mume wangu ni Halake. Jina lake naliandika tu. Kwetu Waborana mke hataji jina la mume, mimi humwita abba warra, yaani mwenye nyumba. Kabla serikali haijatukusanya ndani ya seng'enge hapa Isiolo, alikuwa na ng'ombe upande wa Biliqo. Jioni moja wanaume wenye bunduki walifika kwenye boma lake, wakachinja mbuzi wake mwenyewe, wakamwambia akae ale nao. Akala. Angekataaje? Nyama hiyo ndiyo anayoiogopa mpaka leo.

Mimi naogopa kitu kingine. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa amekufa, ngozi yake inabambuka. Sasa nina mimba nyingine, na imeanza kucheza. Sista Kinanu, yule muuguzi Mmeru wa zahanati iliyo nje ya lango, alinipima damu, na nilipoitwa tena akafunga mlango akaniambia nina kaswende.

"Lakini sina kidonda," nilisema.

"Kidonda hukauka chenyewe. Ugonjwa unabaki kwa damu, unanyamaza tu. Bwana yako hajawahi kuwa na kidonda?"

Aliwahi, mwaka aliopeleka ng'ombe wa watu mnadani. Hakikumuuma, kikakauka, akasema amepona. Nafikiri Sista aliliona jibu usoni kwangu.

"Na huyu wa tumboni?"

"Ukimaliza sindano zako kwa wakati, ana nafasi nzuri. Lakini sikiza, mama. Ukitibiwa peke yako, bwana atakurudishia. Hii si kama surua, kwamba ukiugua mara moja basi. Mlete. Na mpaka yeye atibiwe, usilale naye."

"Kwa damu yake mtatafuta nini?"

"Kaswende."

"Hamwoni alikotembea? Alichokula?"

Alianza kucheka, kisha akaona mimi sicheki.

"Damu haijui njia, Bisharo. Hakuna daktari wa kuona hiyo. Na maneno ya hapa hayatoki hapa. Hata nikimwombea kibali cha kutoka nitasema ni jino. Ningekuwa na dawa ya kutosha ningemdunga siku hiyo hiyo, lakini magari hayapiti vizuri na dawa ni kidogo. Lazima nipime kwanza."

Akanidunga sindano ya kwanza. Iliwaka mpaka mguuni.

Nilimweleza mume wangu yote, taratibu, kama nilivyoelezwa. Alikuwa anashona kiatu chake cha ngozi. Aliniuliza neno moja tu.

"Chupa wanaipeleka wapi?"

"Kwa chumba cha kupimia, hapo hapo. Askari haingii."

Akaendelea kushona. Kibali kilipokuja alikichukua bila ubishi, na siku yake ilipofika aliondoka mimi nikiwa bado kwenye foleni ya maji. Jioni alirudi akasema imekwisha. Nilishukuru Mungu, nikaweka chai.

Ado ndugu yake mdogo alikuja kunywa. Ado hajaoa, anakaa nasi, ndiye anayetoka na mbuzi wanapofunguliwa lango. Aliponyoosha mkono kupokea kikombe, shuka iliteleza, nikaona kwenye kunjo la kiwiko kipande cha pamba kimeshikwa na plasta. Nilimimina chai. Mume wangu alipotoka kutawadha nilimfuata na birika, nikamsaidia kumwagia. Alipandisha shuka akaosha mkono wa kulia mpaka kiwikoni, kisha wa kushoto. Hakukuwa na alama yoyote.

Nilijiambia labda Ado naye amejipeleka. Mtu akitaka kuamini kitu, atatafuta njia.

Siku ya sindano ya mwisho, Sista Kinanu alinishikia pamba pale aliponidunga.

"Majibu ya damu ya bwana yako yametoka. Ni safi kabisa."

Nilivuta nguo yangu.

"Ni mcheshi," alisema. "Aliniuliza kama nitamrudishia damu iliyobaki."

Mume wangu hajawahi kufanya mzaha na mtu asiyemjua. Ado hata na askari anatania.

"Bisharo, mimi si kadhi wala si padri. Lakini kama kuna mwanaume mwingine, niambie. Naye atibiwe. Kwa ajili ya huyu mtoto."

Mlango ulikuwa wazi. Askari aliyetusindikiza wagonjwa kutoka ndani ya seng'enge alikuwa ameegemea nguzo, bunduki begani, anachokoa meno. Mtu akitoka na kibali cha mwingine, siku hizi, hapelekwi kwa chifu. Anapandishwa lori. Wangepanda wote wawili, Ado na ndugu yake.

"Hakuna mwingine," nilisema.

"Basi sielewi."

"Mimi naelewa, Sista. Nipe nafasi kidogo."

Alinitazama, akamtazama askari, akafunga kopo la pamba.

Nilimkuta Ado kwenye boma la mbuzi anatoa mwiba kwenye kwato.

"Umedanganya watu, Ado."

Hakuuliza watu gani. "Sijadanganya. Nimemsimamia. Kwa wazee nikiitwa kwa ajili yake si nasimama? Faini yake si nalipa mimi? Akifa yeye, mke wake na mbuzi si narithi mimi?" Kisha akaona aibu, akainamia kwato. "Tumetoka tumbo moja, shemeji. Damu yangu na yake zitatofautiana wapi?"

"Yeye alikuwa wapi?"

"Na mbuzi, amevaa shuka yangu. Askari wa lango anahesabu vichwa, haangalii sura."

"Na sasa anaamini nini?"

"Anaamini ni mzima. Sista si alituma salamu asubuhi kwamba jino ni zima? Hata mimi nimefurahi."

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Aliinua mkono wake kwa sindano akijua lile lori la Abiba linaweza kuja, na bado alienda.

Mume wangu alikuwa ameketi mbele ya nyumba. Jua lilikuwa linashuka, wakati wa kuhesabiwa unakaribia, na watu walianza kutoka nje. Kabla sijaketi akasema, "Ado amenipa habari. Damu ni safi. Leo utarudisha ngozi yako ya kulalia upande wangu."

"Damu ya Ado ni safi."

"Ni yetu."

"Abba warra, Ado hakupeleka ng'ombe mnadani mwaka ule. Ado hakupata kidonda."

"Kilipona."

"Kilikauka. Mimi sikuwahi kuwa na chochote, na ninacho. Mtoto wetu alizaliwa vile ulivyomwona, ulimzika wewe mwenyewe."

Alisema polepole, akitazama lango, "Kama damu ya mume ni safi, mwanamke aliupata wapi ugonjwa? Watu wakiuliza nitawaambia nini?"

Hapo niliogopa kuliko nilivyoogopa kwa Sista. Nilishika mkono wake. Mbele za watu hatufanyi hivyo.

"Sindano zangu zimeisha leo. Leo mimi na huyu tuna dawa. Nikirudi kwako hivi, tunaanza upya, na siku zake zinaenda. Ile nyama haionekani kwa damu. Nimeuliza, nikauliza tena. Sista ataona wewe si yule wa kwanza, lakini hatasema, nimemwangalia. Atakuombea kibali kingine cha jino. Nenda wewe. Mkono huu hapa. Utaenda?"

Filimbi ililia. Alisimama, na mimi nikasimama naye. Tukaingia kwenye mstari, Ado nyuma yetu, Abiba mstari wa pili na watoto wake. Askari alianza kusoma majina.

"Halake Boru."

"Niko," akajibu, kwa sauti kubwa.

Nilingoja askari apite.

"Abba warra," nikasema, "utaenda?"

Alikuwa ameshusha shuka, ameufunika ule mkono niliokuwa nimeushika mpaka kwenye vidole, na anatazama mbele.